Gari Linamwaga Wapi?

Hotuba iliyotolewa Dar es Salaam mbele ya madiwani, watendaji, mafundi maji na wenye magari ya majitaka kutoka miji midogo. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa. Vicheko vimeachwa nje, na kukohoa pia.

Waheshimiwa madiwani, ndugu watendaji, mafundi maji, na ninyi wenye magari mliokaa kule nyuma karibu na mlango kama watu wanaotaka kukimbia: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Itifaki imezingatiwa.

Nimepewa nusu saa, na mratibu amenionya kwamba baada yangu ni chakula cha mchana, kwa hiyo nichunge maneno. Nitajitahidi. Lakini kazi iliyonizeesha ni ya mabwawa ya majitaka, na kazi ile haina msamiati mpana wa adabu. Sisi Waswahili kwa stara hatujambo. Mtu wetu hutamsikia anataja kitendo chenyewe. Anakwenda haja, anakwenda msalani, maliwatoni, anajisaidia, anatoka nje kidogo. Stara ni nzuri, nami nimelelewa nayo. Shida ni kwamba imetufuata mpaka kwenye bajeti. Nimekaa kwenye vikao ambamo maji safi yalijadiliwa saa tatu nzima, majitaka yakaja kwenye mengineyo, watu wameshafunga mafaili na mmoja ameshavaa kofia.

Nina swali. Msinijibu kwa mdomo, jibuni moyoni. Kule kwenu, gari la majitaka likishanyonya karo la choo la gesti, au la shule, au la zahanati, likakunja mpira wake na kuondoka, linamwaga wapi?

Naona wenye magari wanacheka. Wao wanajua. Waheshimiwa wanatazama dari.

Mimi nimekulia Buguruni, hapahapa Dar es Salaam. Usiku mmoja wa masika, mvua inapiga bati huwezi kusikia mwenzako, baba mwenye nyumba alitoka na jembe. Nikadhani anakwenda kuzibua mtaro. Alizunguka nyuma ya choo, akachimba pembeni, akatoboa ukuta wa shimo. Mvua ikamalizia kazi. Tuliita kutapisha choo, na jina lenyewe linajitosheleza. Asubuhi maji yalikuwa magotini, sisi watoto tunayachezea, tunasukumana, mama anatuita tuje tunywe chai. Hakuna aliyemnunia baba mwenye nyumba, kwa sababu nyumba ya tatu nao walikuwa wametapisha usiku uleule. Gari la kunyonya lilikuwa ghali, na hata lingekuja, uchochoro wetu ulikuwa unapitisha baiskeli kwa shida. Mwaka 2015, mwezi wa Agosti, kipindupindu kilipoanza hapa Dar es Salaam kikaenda kusambaa mikoani, mimi nilikuwa mtu mzima mwenye kacheo kadogo, nikalikumbuka lile jembe.

Mtaniuliza ya Buguruni yanawahusu nini watu wa miji midogo. Na wenyeji wa jiji hili mliomo humu mtauliza miji midogo inawahusu nini ninyi. Jibu ni moja, linaitwa Ruvu. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam inatoka mto ule: mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, uliojengwa mwaka 1959, na wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, wa mwaka 1976. Baada ya kupanuliwa, wa kwanza una uwezo wa kutoa lita milioni 196 kwa siku na wa pili lita milioni 270. Mto Ngerengere unaopita Morogoro nao unaingia humohumo. Kwa hiyo kila mji mdogo wa bonde lile umekaa juu ya mdomo wa Dar es Salaam. Dereva akimwaga korongoni usiku wa Jumatatu, mvua ikinyesha Jumatano korongo linashuka. Sisemi kwamba watu wanakunywa kinyesi. Mitambo inasafisha na dawa inatiwa. Nasema tunanunua dawa na umeme wa kuondoa kitu ambacho kingebaki nchi kavu kwa bei ya kokoto na mchanga.

Sasa shikeni kalamu tupige hesabu, maana nimeona majitaka yanatisha watu kwa sababu hawajawahi kuyahesabu.

Chukua mji wa watu 10,000. Una stendi, una soko, gesti kadhaa, shule, zahanati, misikiti na makanisa. Bomba la majitaka hakuna hata moja. Kila nyumba ina choo cha shimo au karo lake. Shimo linalotumia maji halijai haraka kama watu wanavyodhani. Maji mengi yanazama ardhini, vijidudu vinakula sehemu ya kilichobaki, na chini linajikusanya tope. Kipimo cha kupangia ni kama lita 40 za tope kwa mtu kwa mwaka. Penye shimo kavu, na watu wanaotupia makaratasi na magunzi, itakuwa zaidi. Mara 10,000, unapata lita 400,000, yaani mita za ujazo 400. Gari la lita 5,000 litakwenda safari 80.

Safari 80 kwa mwaka! Hazifiki hata mbili kwa wiki. Na hiyo ni kama kila shimo mjini linanyonywa, jambo ambalo halitokei. Huo ndio ukubwa wa jini mnalolikimbia.

Ila safari moja nayo msiidharau. Majitaka yanayopita kwenye bomba ni maji hasa, yamebeba uchafu kidogo. Tope la shimo limekaa miaka likijikusanya, na linaweza kuwa kali mara kumi, hata mara mia, kuliko yale ya bomba. Watu wa fani hii wana ulinganisho wao: gari moja likimwaga ovyo ni kama watu 5,000 wamejisaidia mahali pa wazi. Kwa mji wetu wa mfano hiyo ni nusu ya wakazi, kwenye korongo moja, kwa muda wa kuvuta sigara mbili.

Ndiyo maana nimekuja na neno moja, na mkilisahau hilo mengine yote niliyosema hayana faida: mji mdogo usianze na bomba. Uanze na mahali pa kumwagia.

Najua halipendezi. Bomba lina ramani, lina mkandarasi, lina mitaro inayoonekana barabarani mwaka wa uchaguzi. Mahali pa kumwagia ni geti, chujio, vitanda vya mchanga na mzee mmoja mwenye reki. Nani atakata utepe pale?

Kuna mji, jina nalisitiri kwa sababu huenda diwani wake yumo humu, uliletewa mtambo ndani ya kontena. Mtambo mzuri, una pampu za kupuliza hewa ndani ya maji ili bakteria wale haraka. Mbinu yenyewe ni ya kweli. Waingereza wawili, Ardern na Lockett, waliieleza kule Manchester mwaka 1914, na majiji makubwa ya dunia yanaitegemea hadi leo. Basi, ukafika, ngoma zikapigwa, picha zikapigwa. Baada ya miezi michache ikaja bili ya umeme. Chombo cha maji cha pale kilikuwa kinakusanya kutoka kwa wateja wachache, nao hawalipi wote. Wakaanza kuzima pampu usiku. Halafu wakazima na mchana. Bakteria wale ni kama samaki, ukiwanyima hewa hawakusubiri ufike mgawo mwingine wa fedha. Mimi nilifika pale kama mgeni tu. Nikakuta mbuzi wamelala kivulini mwa mtambo, na ndani ya kisanduku cha umeme mlinzi amehifadhi unga, chumvi na redio. Redio ilikuwa inafanya kazi.

Sikumlaumu mlinzi, wala aliyezima pampu. Angelipa kwa nini?

Sasa mabwawa. Hapa naomba mnivumilie, maana mtu huzungumza vizuri anachokipenda. Dar es Salaam tunayo miaka mingi: Vingunguti, Kurasini, Mikocheni, Lugalo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana ya kwao. Watu wanapita wameziba pua. Hawajui kwamba wanapita kando ya kiwanda kisicho na injini.

Bwawa la kwanza lina kina kirefu, mita mbili hadi tano, ni jeusi, na linatoa viputo kama sufuria ya uji. Hewa humo haimo wala haitakiwi. Kizito kinazama, na bakteria wasiohitaji oksijeni wanakila taratibu na kutoa gesi. Maji yanakaa humo siku moja, mbili, hata tano, kisha yanavuka kwenda bwawa la pili. Hilo ni pana, kina chake mita moja na nusu hivi, na ni la kijani. Ukijani ule ni mwani, vimea vidogo vya majini. Mchana mwani unatumia jua kutoa oksijeni. Bakteria wanaipokea, wanakula uchafu, wanatoa hewa ya ukaa, na mwani unaichukua hiyo kuwa chakula. Wanalishana. Jua letu, ambalo kila siku tunalilalamikia kwenye daladala, ndilo linaloendesha shughuli nzima na halijawahi kuleta bili. Baada ya hapo kuna bwawa la tatu, na la nne kama ardhi inaruhusu, ya kina kifupi, mwanga ufike chini. Mwani unapomaliza hewa ya ukaa maji yanakuwa na ukali wa magadi, na vimelea vya magonjwa vinakufa kwa jua na magadi yale. Mayai ya minyoo ni mazito, hayo yalikwishazama nyuma.

Nilipokuwa kazini, asubuhi sikuanza na karatasi ya maabara. Nilianza na rangi. Kijani kibichi, nakwenda kunywa chai. Likigeuka waridi au zambarau, limelishwa kupita kiasi, na bakteria wa salfa wameshika nchi. Likiwa la kijivu au jeusi pale panapotakiwa kijani, mwani umekufa, na kabla ya saa nne majirani watakuwa getini. Nyasi zikiota ukingoni na kulalia maji, ujue mbu wamepata nyumba. Na ukitaka kujua tope limejaa kiasi gani chini, huhitaji mashine. Chukua mti mrefu, uzungushie taulo jeupe, uzamishe polepole hadi sakafu, uutoe taratibu. Tope linaacha alama yake kwenye taulo. Bwawa la kwanza likifika theluthi moja tope, panga kulitoa. Mke wangu alinunua mataulo meupe mara tatu mwaka mmoja kabla hajajua yanakwenda wapi. Siku aliyojua sitaisimulia hapa.

Reki, panga, toroli, kamtumbwi, mti na taulo. Na mtu anayelipwa kila mwisho wa mwezi. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko mtambo wowote. Nimeona mabwawa mazuri yakifa kwa sababu mhudumu hakulipwa miezi sita, akaenda kulima ufuta, na gamba la uchafu likatanda juu ya maji hadi kunguru wakawa wanatembea juu yake.

Mabwawa yana aibu yake pia, nisiwafiche. Mwani ule ule unaotusaidia unatoka na maji mwishoni, na kwenye kipimo unahesabiwa kuwa uchafu. Viwango vyetu vya taifa vinataka maji yanayorudi mtoni yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita katika kipimo cha siku 5, na mwani peke yake unaweza kukupitisha hapo. Dawa yake ni matete. Unatengeneza kitanda cha kokoto, unapanda matete yaleyale ya mabondeni, maji yanapita chini kati ya mizizi, mwani unakwama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyashughulikia haya miaka mingi, na vitanda vya namna hiyo vimejengwa hata kwenye shule. Moshi, pale Mabogini, maji yanayotoka kwenye mabwawa na matete yanalimia mpunga. Mkulima wa Mabogini hahitaji semina ya thamani ya majitaka.

Kuna mji mdogo mmoja Marekani, unaitwa Arcata, pwani ya kaskazini ya jimbo la California. Una watu wasiofika 20,000. Miaka ya 1970 waliambiwa wajiunge na mtambo mkubwa wa pamoja na majirani, ghali, wenye mabomba marefu. Wakakataa. Walikuwa na mabwawa yao tayari, na kando yake eneo lililoharibika: dampo la zamani na mabaki ya viwanda vya mbao. Wakaligeuza kuwa kinamasi cha matete, wakakifungua mwaka 1981, na kufikia 1986 maji ya mji mzima yalikuwa yanapita humo. Leo watu wanakwenda pale kutazama ndege, pembeni ya majitaka. Sijawaletea habari hii ili mkaombe safari ya kwenda kujifunza California, naona wengine mmeanza kutabasamu. Nawaambia kwa sababu walianza na walichokuwa nacho, ardhi mbovu na bwawa la zamani, na hali yao ya hewa ni baridi na ukungu. Jua letu wangelipata wangeimba.

Turudi kwenye gari. Kosa ninalolikuta kila mahali ni hili: mji una mabwawa, basi magari yanaruhusiwa kumwaga moja kwa moja ndani yake. Tope la shimo lina amonia nyingi, amonia inaua mwani, na kizito chake kinajaza bwawa kabla ya wakati wake. Ni kama kumpa mtoto mchanga makande. Tope lipite kwanza kwenye vitanda.

Kitanda cha kukaushia ni kitu ambacho fundi yeyote wa ujenzi kule kwenu anaweza kukijenga. Chini kokoto, juu mchanga, pembeni tofali, chini kabisa bomba la kukusanya maji. Mwaga tope sentimita 20 hadi 30. Maji yanachuja chini na kwenda kwenye kabwawa kadogo au kwenye matete, yaliyobaki yanapaa na jua, na juu linabaki gamba linalopasuka kama udongo wa mbuga kiangazi. Unalikomba kwa koleo.

Tumalizie ile hesabu. Mita za ujazo 400 ukizitandaza kwa kina cha sentimita 20 zinataka mita za mraba 2,000. Lakini huzitandazi siku moja. Kitanda kikikauka kwa mwezi, kwa mwaka unakitumia mara 12. Toa masika, toa vuli, toa uzembe, sema mara sita. 2,000 gawa kwa sita ni kama 333. Jenga mita za mraba 500, ulale usingizi. Mnajua 500 ni nini? Nendeni uwanja wowote wa mpira uliopimwa, tazameni eneo la kumi na nane. Eneo lile lina zaidi ya mita za mraba 660. Mashimo ya vyoo ya mji mzima, watu 10,000, kwa mwaka mzima, yanakaa ndani ya kumi na nane na golikipa bado anapata pa kusimama.

Mvua ndiyo adui. Masika ya huku pwani yanaweza kurudisha kitanda kuwa bwawa kwa usiku mmoja. Ama uezeke kwa bati linalopitisha mwanga, wazi pembeni ili upepo upite, ama ujenge shimo la kutunzia tope hadi mvua ikatike. Mimi napendelea paa, ila bati za namna hiyo zina miguu. Mkiweka, wekeni na mlinzi.

Getini weka chujio la nondo. Msishangae kitakachobaki pale. Pampasi, pedi, vitenge, chupa, viatu. Simu nimeokota tatu, hakuna aliyekuja kuzidai.

Tope likishakauka watu wa mchicha watakuja na magunia. Wazuieni kidogo. Kukauka si kupona. Mayai ya minyoo ya tumbo yanavumilia kuliko kitu chochote ninachokijua, kuliko hata mkopo wa riba. Lirundikeni pamoja na takataka za sokoni, majani na maganda, lichemke lenyewe. Katikati ya rundo joto lipite nyuzi 55, mligeuze, lichemke tena. Au mlitunze pakavu muda mrefu, mwaka na zaidi. Na hata hapo, lianze kwenye mikorosho, miembe na minazi, mboga inayoliwa mbichi iwe ya mwisho.

Nimefika kwenye fedha, na hapa nitawakera waheshimiwa. Kila halmashauri ikijenga mahali pa kumwagia, jambo la kwanza linalokuja ni ushuru getini. Gari likiingia lilipe. Mantiki ipo, lakini mnasahau nani ameshika usukani. Mwenye nyumba ameshalipa, tope liko ndani ya tangi, ni saa mbili usiku, geti lenu liko kilomita nane na lina ushuru, korongo liko kilomita mbili na halina. Dereva mmoja, tena mtu mzima mwenye swala zake, aliniambia, "Mzee, korongo halina foleni." Kwa hiyo getini iwe bure, au iwe kiasi ambacho dereva hakioni. Fedha ya kumlipa mhudumu ikusanywe pole pole mahali pengine. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 mna RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, mna vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, mna ankara inayotoka kila mwezi. Sarafu chache juu ya kila uniti ya maji zinamlipa mtu mwenye reki, na hakuna atakayeandamana. Naomba msiiweke fedha hiyo kwenye kapu moja na posho.

Na wale wasio na magari. Hapa mjini tunawaita vyura: vijana wanaoingia shimoni kwa ndoo, usiku, mara nyingi wakiwa wamekunywa ili wasinuse, wanamwaga mafuta ya taa kukata harufu. Kule kwenu wapo pia, hata kama hawana jina. Shimo lina gesi inayoweza kumwangusha mtu kabla hajapiga kelele. Msiwakamate na kuwapeleka mahakamani, kwa sababu wanafika pale ambapo gari halifiki. Wapeni pampu ya mkono, ipo moja inayoitwa Gulper, mapipa yenye vifuniko na guta la kubebea. Wapeni glovu na gambuti. Kisha nao wajue geti liko wapi.

Bomba silipigi vita. Siku mji ukijibana, stendi ikizungukwa na magorofa, litahitajika, na hata hapo lipo la gharama nafuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kule Natal, Brazil, walianza kupitisha mabomba membamba uani kwa watu, kina kifupi, badala ya makubwa katikati ya barabara. Vingunguti hapahapa wakazi wameshaunganisha nyumba zao kwa mabomba ya aina hiyo hadi mabwawani. Kwa hiyo inawezekana. Lakini Vingunguti mabwawa yalikuwapo kwanza.

Ardhi, nusura nisahau, na mratibu ameshasimama. Kwa mji ule wa watu 10,000, mkitaka baadaye kuwa na mabwawa kamili, tengeni kuanzia mita za mraba mbili hadi tatu kwa mtu, jumla hekta mbili hadi tatu. Ongezeni ya vitanda, njia na miti ya kukinga upepo. Semeni ekari kumi. Iwe chini ya mji, mbali na visima, mahali pasipofurika. Itengeni mwaka huu, ikiwa bado ni pori na bei yake ni ya pori, na muipime, mpate hati, mpande miti mpakani. Msipofanya hivyo mtakuja kuyajenga mabwawa na watu watajenga hadi ukingoni, kisha watalalamika harufu, na watakuwa na haki.

Basi, chakula kinanukia, na ni vizuri kwamba tumenuka sisi kwanza. Kesho nawapeleka mabwawani mkaone rangi kwa macho yenu. Gari linaondoka saa 1:00 asubuhi hapo nje, halisubiri mtu. Gambuti kila mtu aje na zake. Mimi ninazo jozi nne tu, na tatu zinavuja.